Breki za Gari la Samaki

Msomaji mwema, Ijumaa iliyopita tuliachana kidole cha Kheri kikiwa bado hewani. Tusikawie. Kidole kile hakikumwelekea mtu baki. Kilimwelekea Zuena, dada yake wa tumbo moja, mbele ya umati uliojaa uwanjani mwa gereji yao pale Kilindoni, kisiwani Mafia.

"Breki alizifunga huyu," alisema Kheri. "Mimi mkono wangu haukugusa gari lile."

Zuena alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki ya Hija, mwendesha bodaboda wa Ndagoni, akikaza mnyororo. Alisimama na spana mkononi. Damu ilimpanda kichwani hata macho yakaona kiwi.

Mbele yake alisimama Mzee Sudi, mnunuzi wa samaki wa Bwejuu, mwenye ile kirikuu, kigari cha kubebea samaki, iliyoteremka bandarini asubuhi ya siku iliyotangulia, breki zikakataa, ikajibamiza ukutani mwa ghala la barafu. Aliyekuwa kwenye usukani ni Abeid, mwanawe wa pekee wa kiume. Kijana yule sasa amelazwa hospitali, mfupa wa paja umevunjika, na waganga hawajathubutu kusema kama atatembea tena pasi na mkongojo.

Sudi hakupiga kelele. Alisema hakuja kutaka fidia, wala polisi haendi. Anataka kuujua mkono uliomvunja mwanawe, basi. Kesho baada ya alasiri, barazani kwake, mbele ya Mwalimu Taufiki wa madrasa, mmoja wa ndugu hawa atashika msahafu. Mwenye kosa akijulikana, hatashika tena spana katika gereji ile maisha yake yote. Asipojulikana, basi hakuna gari la samaki litakaloingia uwanjani pale, wala pikipiki ya mtu yeyote anayekula kwa Sudi. Na kisiwani mle, wasiokula kwa Sudi ni wachache.

Hija, ambaye hata mazishini hawezi kuuzuia ulimi, alisema kuwa pikipiki yake hutengenezwa na Zuena, nayo husimama hata pale asipotaka isimame. Wawili watatu wakacheka. Sudi akamtazama, kicheko kikafa.

"Umesikia, mwanangu?" Sudi alimwuliza Zuena kwa upole uliouma kuliko matusi.

"Nimesikia, Mzee."

"Una neno?"

Neno alikuwa nalo. Lakini neno lile lilihitaji ushahidi, na ushahidi haukuwa pale uwanjani. Akajibu kwamba neno lake atalileta kesho.

Umati ulipotawanyika, Zuena hakumsemesha ndugu yake hata kidogo. Aliogopa kwamba akianza kwa kinywa atamalizia kwa spana. Alichukua bomba la sindano kubwa na chupa tupu, akapanda nyuma ya Hija, wakashuka bandarini.

Msomaji atauliza: je, Kheri alisema uwongo? Alisema nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni silaha kali kuliko uwongo mzima. Pedi za breki za gari lile alizifunga Zuena kwa mikono yake. Lakini alipomaliza, mafuta ya breki yalikuwa yamekwisha gerejini, na boti ya Nyamisati ilikuwa imefika bila ya lile katoni waliloagiza. Akaliacha gari juu ya magogo. Akamwambia Kheri maneno yasiyohitaji tafsiri: gari lisishuke hapa mpaka mafuta yafike.

Kesho yake alfajiri akaondoka na mama yao, Bi Mwanamkuu. Walikuwa na arobaini ya mdogo wake mama huyo huko Juani. Wakavuka kwa mashua kutoka Utende, wakalala hukohuko. Waliporudi, magogo yalikuwa matupu. Kheri akasema, tena huku akicheka, kwamba alipata mafuta kwa fundi mwenzake. Zuena akamwamini. Ndugu asipoaminiwa, ataaminiwa nani?

Kirikuu ilikuwa pale pale ukutani, uso umekunjamana, barafu iliyoyeyuka imetiririka chini yake ikiwa na magamba ya samaki. Zuena alifungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki. Akachovya kidole, akakinusa.

Harufu ya jikoni.

Hija alinusa pia, akanyamaza, jambo ambalo hakuna aliyepata kuliona.

Yalikuwa mafuta ya nazi. Na hapa kisiwani mafuta ya nazi ni ya nywele, ni ya mtoto mchanga, ni ya bawaba inayolia na ya bolti iliyoshika kutu. Gereji nzima ilikuwa na chupa zake, zitokazo jikoni kwa Bi Mwanamkuu, nyumba ikiwa nyuma tu ya uwanja. Lakini mahali pamoja hayaingii kamwe, napo ni katika mfumo wa breki; kwani mipira iliyomo ndani hunywa mafuta yale, ikavimba, ikalegea. Siku ya kwanza breki hushika vizuri, na mwenye gari akashukuru. Mteremko ndio hutoa hukumu.

Zuena alivuta mafuta yale kwa bomba, akajaza chupa, akaifunga.

Alimkuta Kheri nyuma ya gereji, ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Zuena aliweka chupa juu ya pipa mbele yake.

"Nusa."

Kheri hakunusa. Alitazama chupa kama mtu anavyomtazama nyoka aliyemzoea.

"Mafuta ni mafuta," alisema hatimaye. "Bolti ngapi tumezitia, zikafunguka?"

Basi akaeleza, na kila alivyoeleza ndivyo hasira ya dada yake ilivyopata kuni mpya. Sudi alikuja asubuhi ile, samaki wa Bwejuu wamekwisha teremshwa ufukweni, wanangoja gari. Kheri alikuwa amepeleka posa nyumbani kwa Sudi, anamtaka binti yake, Safia. Na jibu la posa lilikuwa bado halijatoka. Je, angemwambiaje mkwe mtarajiwa kwamba gari halitoki? Aliingia jikoni kwa mama, akachukua chupa, akajaza kikopo. Alijaribu breki uwanjani, zikashika. Alikusudia kuyabadilisha katoni litakapofika.

"Katoni limefika," Zuena alisema. "Lipo humo ndani, hata hujalifungua."

"Nilisahau."

"Ulisahau. Na leo asubuhi ulisahau nini, uliponinyooshea kidole?"

Kheri aliifuta mikono yake kidole kwa kidole. Kisha akasema jambo ambalo Zuena atalisikia masikioni mpaka siku atakayovikwa sanda.

"Wewe watu watakusamehe. Watasema mwanamke na breki, wapi na wapi. Watacheka, watasahau. Mimi wakinisema hivyo, nimekwisha. Safia hapatikani, na gereji haina fundi."

"Gereji haina fundi?"

Naam, msomaji, hebu tukumbushane kwa ufupi. Zuena ndiye aliyetoka Mafia na kukaa Dar es Salaam kwenye gereji ya shangazi yake, akilala stoo baina ya mataili, mpaka akajua kuivua injini na kuivika. Yeye ndiye aliyerudi na sanduku la spana. Yeye ndiye aliyemwomba mama yake uwanja ule wa urithi, akamfundisha Kheri kazi kuanzia kushika tochi. Na ubao ulipoandikwa, uliandikwa MANSURI NA WANAWE, kwa heshima ya baba yao marehemu. Watu wakausoma na kumwona Kheri peke yake. Yeye hakulalamika. Leo ilimpata faida ya kutolalamika.

"Kesho utasema mwenyewe," alimwambia. "Usiposema, nitakusemea."

"Kesho nitaapa," Kheri akajibu. "Nitaapa kuwa sikuligusa."

"Kwa msahafu?"

"Mungu ni mwingi wa kusamehe."

Zuena alinyanyua mkono ampige. Mkono ukazuiwa nyuma yake. Alikuwa Bi Mwanamkuu, upande mmoja wa kanga umemwanguka begani, na uso wake ulionyesha wazi kwamba alisikia tangu mwanzo.

Mama yule hakumgombeza Kheri. Alimwambia aende akaswali. Kisha akamketisha Zuena juu ya taili kuukuu, na kwa sauti ya chini akaanza kumwomba. Alisema Kheri ndiye mwanamume pekee nyumbani mwao. Alisema Zuena amekwisha kuolewa na kuachwa, dunia amekwisha kuiona. Lakini mwenzake ndiyo kwanza anataka kuanza. Ambebee, kwa ajili ya mama yake. Akae jikoni mwaka mmoja au miwili, maneno yapoe, kisha taratibu arudi kwenye spana zake.

"Mama, Sudi kasema maisha."

"Sudi ni mtu mzima. Atakufa."

Lau kama jambo lingekuwa jingine, Zuena angecheka. Alimtazama mama yake, yule aliyemzaa na kumnyonyesha, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba katika mizani ya moyo wake watoto wale wawili hawakupata kuwa sawa hata siku moja.

"Mama, nimembebea Kheri tangu akiwa mgongoni. Mgongo umechoka. Na hili si la mgongo, hili ni la kiapo. Unataka mwanao aape uwongo?"

Bi Mwanamkuu alifunga kanga yake upya.

"Hataapa," alisema, akaondoka.

Zuena alidhani amemshinda. Ndipo palipokuwa na kosa lake.

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, baraza ya Sudi haikutosha. Wanaume walikaa juu na kwenye vidato, wanawake upande wa ukuta wa ua. Abeid alikuwa hospitali. Lakini mkeka wake ulitandikwa mahali anapoketi siku zote, nao ukaachwa mtupu, na kila aliyeingia aliuzunguka asiukanyage. Msahafu uliwekwa juu ya marufaa, umefunikwa kitambaa cheupe.

Zuena alitoa chupa yake mbele ya watu. Akaeleza aliyoyaona, na Hija akashuhudia kuwa mafuta yalivutwa mbele ya macho yake, tena akaongeza kwamba yalinukia vizuri kuliko kichwa cha mkewe. Safari hii hapana aliyecheka.

Mzee Sudi alinusa chupa. Akampa Mwalimu Taufiki, naye akanusa. Chupa ikazunguka baraza nzima, pua kwa pua, hata ikarudi.

Kheri alikuwa ametulia. Alisema hakatai: ni mafuta ya nazi, tena ya nyumbani kwao. Lakini chupa ile inaonyesha kilichotiwa, haionyeshi aliyetia. Pedi kafunga nani? Zuena. Mwenyewe amekiri. Basi aliyefunga ndiye aliyejaza.

Sauti za kuafiki zikapita barazani.

"Mimi nililiacha gari juu ya magogo," alisema, na sauti yake ikapanda bila ya hiari. "Nilikuwa Juani arobainini. Gari liliposhushwa, mimi niko ng'ambo ya maji."

"Ulijaza kabla hujaenda," Kheri akamjibu bila ya kumtazama. "Mimi nililishusha tu."

"Jana ulisema mkono wako haukuligusa," alidakia Hija.

"Kulishusha si kulitengeneza."

Mwalimu Taufiki akainua kiganja, watu wakanyamaza. Mwalimu huyu ni mtu mfupi, mwenye sauti ndogo, na ni nadra kumsikia akisema kwa ukali. Siku ile alisema kwa ukali. Alimweleza Kheri kwamba wanavyuoni wanakiita kiapo cha uwongo yamini ghamusi, nacho kimeitwa hivyo kwa kuwa humzamisha mwenye kukiapa, kwanza katika dhambi, kisha motoni. Akamwambia kuwa mguu uliovunjika Mungu akipenda utaunga, posa iliyokataliwa itapelekwa penginepo, na gereji ikifungwa huku hufunguliwa kule. Lakini mtu akizama kwa kiapo hiki, hapana kamba duniani ya kumwopolea. Akamwuliza kama amefahamu.

Kheri akasema amefahamu.

Akamwuliza kama yuko na udhu.

Kheri akasema anao.

Kitambaa cheupe kikaondolewa. Kheri akapiga magoti mbele ya marufaa, akanyoosha mkono wa kulia. Mkono ulifika kati, ukasita. Tone la jasho likamwanguka kutoka kidevuni. Zuena, pamoja na ghadhabu yake yote, akajikuta akimwombea moyoni: Ya Rabi, mrudishe. Mrudishe kabla hajagusa.

"Mwalimu, mwondoe mwanangu hapo."

Sauti ilitoka ukutani, upande wa wanawake. Bi Mwanamkuu alikuwa amesimama.

"Mafuta yale niliyatia mimi."

Baraza ikavuma kama mzinga wa nyuki. Sudi akainuka nusu, akaketi tena. Kheri akaurudisha mkono wake haraka, kama aliyeungua.

Bi Mwanamkuu alisogea mbele, akasimulia kwa utulivu wa mtu aliyelala na maneno yake usiku kucha. Alisema aliwasikia watoto wakisikitika kwamba mafuta yamekwisha. Alisema yeye ni mwanamke wa jikoni, hajui mafuta ya gari na ya nazi yamepitana wapi. Gari lilikuwa juu ya magogo, uwanjani hamna mtu. Akaona awasaidie wanawe. Akajaza. Hakumwambia yeyote. Zuena hana kosa, Kheri hana kosa. Kosa ni la bibi kizee, na bibi kizee hashiki spana, basi Mzee Sudi amwamuru aache nini?

Ilikuwa hadithi nzuri. Kila mlango wake ulifungika. Sudi mwenyewe alionekana kulegea, kwani ni nani atakayemfanya nini mama wa watu kwa wema uliokosea njia? Gereji ingepona. Zuena angebaki na spana zake. Kheri angempata Safia.

Kasoro moja tu: siku ile mafuta yalipotiwa, Bi Mwanamkuu alikuwa na Zuena kutwa. Alfajiri waliondoka pamoja, gari likiwa na kikopo kitupu. Waliporudi, gari halipo. Zuena alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Kheri alilijua. Na kule ukutani walikuwapo wanawake wawili waliovuka nao mashua moja kwenda Juani. Wakatazamana, kisha wakainamisha vichwa.

Mzee Sudi akafikiri, akashusha pumzi.

"Bi Mwanamkuu, mimi nakuheshimu. Lakini niliyasema haya mbele ya watu: mkono utajulikana kwa msahafu. Utaapa?"

"Nitaapa."

"Mama," Zuena alisema.

Mama yake hakugeuka. Alipiga magoti pale alipoondoka mwanawe, akakunja mkono wa buibui. Ule mkono mkavu, wenye alama za kuungua na mafuta ya miaka mingi, ukaanza kushuka juu ya Kitabu.

Zuena hakujua alivyofika pale mbele. Alijikuta amemshika mama yake kifundo cha mkono, mbele ya kisiwa kizima, kwa nguvu ambazo mtoto hamshiki nazo mzazi. Mtu mmoja nyuma akasema astaghafirullahi.

"Niache, Zuena."

"Sikuachi."

"Mimi ni mama yako. Nakuamrisha uniache."

Wala hakumwacha. Lakini macho yake hayakuwa kwa mama. Yalikuwa kwa Kheri, aliyesimama kando ya mkeka mtupu wa Abeid, mikono nyuma kama mgeni asiyehusika.

"Kheri," alimwita. "Unaona mama anakwenda wapi? Sema neno moja. Neno moja tu, nami nitakubebea mengine yote, nikimjibu Mungu na watu. Sema."

Kheri alimtazama dada yake. Akamtazama Sudi, kisha dirisha la ua ambalo pazia lake lilitikisika, kwani Safia alikuwa nyuma yake. Akalainisha midomo.

"Mwache mama aape," alisema.

Zuena aliachia kifundo cha mama yake polepole, kidole baada ya kidole. Bi Mwanamkuu akaushusha mkono wake, ukalala juu ya jalada.

Kisha Zuena naye akapiga magoti, bega kwa bega na mzazi wake. Akanyoosha mkono wake wa kulia kuelekea marufaa ile ile, aiapie kweli ya safari ya Juani, akamgeukia Mwalimu Taufiki. Sauti yake ilikuwa imetulia mno hata waliokaa nyuma ikawabidi kuinua shingo.

"Mwalimu, tuelekeze. Aanze mama, au nianze mimi?"

Bi Mwanamkuu hakuuondoa mkono.